Mfiwa Asipike

Katika sheria ya Kiyahudi, mtu anayetoka makaburini kumzika mzazi, ndugu, mwenzi wa ndoa au mtoto wake haruhusiwi kula chakula chake mwenyewe. Mlo wa kwanza baada ya mazishi sharti utoke kwa majirani. Aghalabu huwa ni mkate, mayai ya kuchemsha na dengu, vitu vya mviringo visivyo na mdomo, kama vile mfiwa naye asivyo na la kusema. Wanazuoni wao waliitoa kanuni hiyo katika Ezekieli sura ya 24, pale Mungu anapomkataza nabii kumlilia mkewe na kula chakula kinacholetwa na watu. Wakasema, ikiwa yeye peke yake alikatazwa, basi wafiwa wengine wote wameamriwa. Na waliopika, wakabeba, wakaandaa na kuosha vyombo vya nyumba ile kwa siku saba za matanga walikuwa, kwa karne nyingi, wanawake wa mtaa. Nawaandikia wasomaji wa Eldoret kuhusu kanuni hii kwa sababu ninaamini sisi tumeyapindua mambo. Kwetu nyumba iliyofiwa ndiyo inayoulisha mtaa, na akina mama wenye moyo wa kusaidia hufika wakajikuta wanapika akiba ya mwenzao hadi iishe.

Wayahudi si wageni kabisa katika historia ya uwanda huu. Aprili 1903 Wayahudi 49 waliuawa katika mji wa Kishinev, uliokuwa chini ya Urusi. Agosti mwaka uo huo, huko Basel, Uswisi, Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani waliotafuta nchi ya Wayahudi, aliweka mbele ya mkutano wao pendekezo la serikali ya Uingereza la kuwapa Wayahudi makao Afrika Mashariki, na eneo lililokuja kukaguliwa ni Uasin Gishu. Wenyeji hawakuulizwa, na katika miaka hiyo hiyo Wanandi walikuwa wakipigana na Waingereza; kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa Oktoba 1905. Mkutano wa Wazayuni ulikuwa umekwisha kulikataa pendekezo hilo mwaka huo. Familia chache zilikuja Kenya kivyao, na jiwe la msingi la sinagogi la Nairobi likawekwa mwaka 1912. Upande wa pili wa Mlima Elgon, karibu na Mbale, wapo Abayudaya, Waganda walioifuata Torati tangu kiongozi wao Semei Kakungulu alipojitenga na Ukristo mwaka 1919, na ambao waliishika hata Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao. Kwa hiyo tunazungumza juu ya majirani.

Msingi wa kazi ya Wayahudi wakati wa msiba ni chama cha kujitolea kinachoitwa Hevra Kadisha, yaani jamii takatifu, ambacho hupatikana karibu kila penye Wayahudi wa kutosha. Wanaume huandaa maiti za wanaume kwa mazishi, wanawake huandaa za wanawake. Tazama wanawake hao wakiwa kazini. Wanaingia wachache, wanamwita marehemu kwa jina lake na kumwomba msamaha mapema kwa lolote watakalokosea. Mwili hubaki umefunikwa. Hufunuliwa sehemu ile tu inayooshwa, kisha hufunikwa tena. Hawapokezani kitu juu ya mwili, hawazungumzi mambo ya sokoni, hawamgeuzi kifudifudi. Baada ya kuoshwa humwagiwa maji kwa mkondo usiokatika, hufutwa, kisha huvishwa nguo nyeupe za kitani au pamba zisizo na mfuko hata mmoja. Muislamu wa Eldoret anayesoma maelezo haya anaijua shughuli hii vizuri, maana yeye pia huzika mapema, kwa sanda, na wanawake huoshwa na wanawake. Wayahudi huuita wema huu wema wa kweli, kwa hoja kwamba aliyekufa hawezi kuulipa. Ndiyo maana wanachama hawajitangazi. Katika jamii nyingi familia haitajiwi hata walioosha ni akina nani, ili isije ikajiona inadaiwa.

Lakini lililonivuta zaidi ni namna walivyopambana na majivuno. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya wanazuoni wa Kiyahudi, katika sehemu ihusuyo maombolezo, inasimulia kwamba zamani matajiri walipeleka chakula kwa wafiwa katika vikapu vya fedha na dhahabu, na maskini katika vikapu vya fito za mti. Maskini wakaona haya. Ikaamuliwa kwamba wote, mwenye nacho na asiye nacho, watumie vikapu vya fito. Hapohapo inasimuliwa kwamba gharama ya kumvisha maiti iliwahi kupanda hata jamaa wakawa wanaiacha maiti na kukimbia, kwa kuwa mzigo wa gharama uliwaelemea kuliko kifo chenyewe. Rabani Gamalieli, mtu mwenye cheo kikubwa, akaagiza yeye azikwe kwa kitani cha kawaida, na watu wote wakamfuata. Haya yaliandikwa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, na bado yanatuhusu. Watu wale waliona kwamba huruma ikiachwa bila utaratibu hugeuka mashindano, na anayeumia ni maskini. Hawakuridhika kuhubiri upole, walibadilisha kikapu.

Sasa tuangalie matanga yetu, Langas, Huruma, Kapsoya au kule Moiben na Turbo. Kifo kinapotangazwa, kundi la WhatsApp linafunguliwa usiku huohuo, kamati ya mazishi inachaguliwa, nambari ya kutuma pesa inasambazwa. Kuna bili ya hospitali, mochari, jeneza, gari, tenti, viti, vipaza sauti, vijitabu vya picha za marehemu. Kisha kuna chakula cha kila jioni, na siku ya mazishi ng'ombe, mchele, chai ya mamia ya watu. Akina mama wa chama na wa kanisa wanafika alfajiri na leso zao kiunoni, wanapasua kuni, wanakoroga sufuria ambazo mtu mmoja hawezi kuziinua. Hakuna anayewatangulia kufika wala anayebaki nyuma yao. Sina neno la kuwalaumu. Ninachosema ni kwamba kinachopikwa kimenunuliwa kwa mchango uliopaswa kumsomeshea mjane watoto, au kwa deni. Watu wakishaondoka, mama aliyefiwa hubaki na majivu ya meko, na kundi la WhatsApp hufungwa katika wiki ile ambayo yeye ndiyo kwanza anaanza kuelewa lililompata.

Nitajibiwa kwamba wageni wametoka mbali, na Mwafrika hamwachi mgeni na njaa. Jibu lina uzito, kwa sababu mtu aliyetoka Kisumu au Lodwar kuja kuzika lazima ale. Ila swali ni chungu cha nani kitakachomlisha. Wayahudi nao wana wageni, na ukarimu kwao ni amri tangu Ibrahimu. Hata hivyo nyumba yenye msiba imeondolewa wajibu huo. Nitaambiwa pia kwamba hizi ni desturi za dini nyingine, na kwamba jina la Wayahudi siku hizi huwakumbusha watu vita vya Mashariki ya Kati. Kanuni ninayoizungumzia ni kongwe kuliko dola zote zilizopo huko leo, tena si ya Wayahudi peke yao. Ja'far bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Mu'ta mwaka 629, Mtume Muhammad aliagiza watu waiandalie chakula familia ya Ja'far, kwa kuwa imejiwa na jambo la kuishughulisha. Na Mkristo anayo habari ya rafiki watatu wa Ayubu walioketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa. Isitoshe, mwaka 2020, serikali ilipopunguza waombolezaji hadi 15 kwa sababu ya korona, tulizika bila ng'ombe na bila tenti. Machungu ya siku zile yalikuwa upweke. Sijasikia aliyelalamika kwamba marehemu wake hakuheshimiwa kwa kukosekana pilau.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wanawake wenyewe. Je, kuusifu utaratibu huu si kuwaongezea mzigo wale ambao tayari wanabeba kila kitu bila malipo? Historia ya wanawake wa Kiyahudi haifichi tatizo hilo. Kwa muda mrefu walipika na kuosha maiti, lakini sala ya maombolezo iitwayo Kadishi ilisomwa na wanaume. Mwaka 1916 Henrietta Szold alifiwa na mama yake. Familia yao haikuwa na mtoto wa kiume, na rafiki mmoja akajitolea kumsomea sala hiyo. Alimshukuru, akakataa, alitaka kumwombolezea mama yake kwa kinywa chake. Mwanamke huyo ndiye aliyeanzisha Hadassah mjini New York mwaka 1912, chama cha wanawake wa kujitolea kilichoanza kwa kuwatuma wauguzi wawili Yerusalemu na baadaye kikaendesha hospitali kubwa. Kabla yake, mwaka 1819, Rebecca Gratz na wenzake wa Philadelphia walikuwa wameunda chama cha wanawake cha kuwasaidia Wayahudi maskini, hasa wanawake na watoto, nacho kiliongozwa na wanawake wenyewe. Hapo naona jibu. Huduma humdhulumu mwanamke inapomnyima sauti na uamuzi. Ikija pamoja na daftari, bajeti na kiti cha mwenyekiti, inakuwa mamlaka. Katika kamati zetu mweka hazina mara nyingi ni mwanamume aliyeketi chini ya mwembe, na aliye motoni haulizwi chochote. Akina mama wapewe uamuzi wa nini kinunuliwe, na wanaume wachukue masufuria.

Eldoret inaujua msiba mkubwa kuliko wa nyumba moja. Januari 1, 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia usalama humo, wengi wao wanawake na watoto. Baada ya shambulio la chuo kikuu cha Garissa la Aprili 2015 lililoua watu 148, wanafunzi walionusurika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi. Mwanariadha Agnes Tirop alipouawa Iten Oktoba 2021, wenzake wa kike hawakuishia kulia. Waliunda Tirop's Angels kuwasaidia wanawake wanaodhulumiwa. Nayo Rural Women Peace Link, iliyotokana na wanawake wa Bonde la Ufa, imewakutanisha akina mama wa jamii zilizopigana. Talmudi inaagiza kwamba wafu wa mataifa mengine wazikwe pamoja na wafu wa Israeli, na wagonjwa wao watembelewe, kwa ajili ya njia za amani. Katika mji ambao kabila limewahi kuamua nani azikwe na nani akimbie, sioni agizo la maana zaidi. Sheria ya mlo wa kwanza nayo inamtaja jirani. Haiulizi anaongea lugha gani nyumbani kwake.

Ombi langu kwa vyama vya akina mama, vya makanisa, misikiti na mitaa, ni dogo na linawezekana mwezi huu. Andikeni katika katiba zenu kwamba mwanachama akifiwa, jiko lake halitawashwa kwa siku saba. Gawaneni siku, kila nyumba ilete chakula kilichopikwa kwake, cha aina moja kwa wote, ugali na maharagwe au githeri, asiwepo wa kuaibika. Michango ya pesa yote ibaki kwa wafiwa. Mkifika, ketini, mwacheni yeye aanze kusema. Na majina ya waliopika yasisomwe kwenye kipaza sauti.