Chupa, tambara na kifuu: Vichezeo vya nyumbani vinavyojenga ubongo wa mtoto

Mpe mwiko mtoto wa miezi minane umwangalie. Kwanza atautia mdomoni. Kisha ataugonga sakafuni, atanyamaza kidogo, ataugonga tena. Mwisho atautupa na kukukazia macho aone kama utauokota. Mwenye shughuli zake jikoni huona fujo. Mtaalamu wa makuzi huona kazi tatu: mtoto amechunguza umbo na ladha ya mti, amegundua kwamba mkono wake unaweza kutoa sauti, na ameanza kujifunza kwamba akitenda jambo, mwenzake hujibu.

Mwiko huo haukununuliwa uwe kichezeo. Vitu vya kuamsha milango ya fahamu ya mtoto vinaweza kutengenezwa nyumbani kwa gharama ndogo au bure kabisa, na faida yake haipungui kwa sababu havikutoka dukani. Hupungua pale mtoto anapoachiwa kichezeo, kiwe cha bei yoyote, akakosa mtu wa kucheza naye.

Ubongo hujengwa kwa kutumika

Kituo cha Makuzi ya Mtoto cha Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kinakadiria kwamba katika miaka ya mwanzo ya uhai ubongo huunda miunganiko mipya zaidi ya milioni moja kila sekunde. Haibaki yote. Daktari Peter Huttenlocher wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyeihesabu kwa hadubini, alionyesha kwamba katika sehemu ya ubongo inayohusika na kuona, miunganiko hufikia kilele mtoto akiwa na miezi minane hivi, kisha huanza kupungua. Inayotumika mara kwa mara huimarika. Isiyotumika huondolewa, kama mkulima wa kahawa anavyopogoa matawi ili mti uzae.

Hapo ndipo kugusa, kusikia, kuonja na kunusa kunapopata uzito. Ramani za ubongo alizochora daktari wa upasuaji Wilder Penfield huko Montreal, Kanada, katika miaka ya 1930 zilionyesha kwamba midomo, ulimi na vidole vimetengewa eneo kubwa sana, ilhali mgongo mzima umepewa sehemu ndogo. Kwa hiyo mtoto anayetia kila kitu mdomoni hana tabia mbaya. Anatumia kifaa chake bora cha uchunguzi.

Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu. Wataalamu wa tiba huongeza miwili: hisi ya mizani, inayotoka kwenye sikio la ndani, na hisi ya misuli na viungo, inayomjulisha mtu mkono wake uko wapi hata akiwa amefumba macho. Mtoto anayefungwa mgongoni kwa kanga huku mama akitembea, akiinama na kufagia, hisi zake hizo mbili zinafanya kazi muda wote.

Somo kutoka Kingston

Ushahidi mzito kuhusu vichezeo vya kutengeneza kwa mikono umetoka Jamaica. Katika miaka ya 1986 na 1987, watafiti wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor waliandikisha watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, katika mitaa maskini ya Kingston. Waligawanywa katika makundi manne. La kwanza lilipewa maziwa ya unga ya ziada kila wiki. La pili lilitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya ya jamii, saa moja kila wiki kwa miaka miwili. La tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata nyongeza hiyo.

Mhudumu alifika na vichezeo vilivyotengenezwa kwa mikono. Alimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe, akaviacha nyumbani, na wiki iliyofuata akavibadilisha kwa vingine.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 katika jarida la The Lancet yalionyesha kwamba maziwa yalisaidia na mchezo ulisaidia, na waliopata vyote viwili waliendelea vizuri kuliko wote. Tofauti ilionekana baadaye. Mwaka 2014, jarida la Science lilitoa taarifa ya ufuatiliaji uliofanywa miaka 20 baada ya mpango huo. Vijana waliokuwa wamechezewa utotoni walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 25, huku athari ya maziwa peke yake ikiwa imefifia.

Hii haina maana kwamba kichezeo kinaweza kuchukua nafasi ya uji. Mtoto mwenye njaa hana nguvu ya kucheza. Maana yake ni kwamba sahani ikijaa na mtoto akakosa wa kumchangamsha, kazi imefanyika nusu.

Kwa Tanzania somo hilo liko karibu. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayoweka fursa za ujifunzaji wa awali sambamba na afya bora, lishe toshelevu, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama. Na kabla ya hapo, tangu miaka ya 1980, mpango wa shule za awali za Madrasa ulioanzia Mombasa na kuenea Zanzibar na Uganda umekuwa ukiwafundisha walimu kutengeneza zana za kujifunzia kwa vitu vinavyopatikana mtaani kwao.

Kichezeo kimya, mzazi msemaji

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, mtafiti Anna Sosa wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona alirekodi mazungumzo ya wazazi 26 na watoto wao wa miezi 10 hadi 16 wakicheza nyumbani. Walipopewa vichezeo vya betri vinavyoongea na kuimba, wazazi walisema maneno machache kuliko walipopewa vichezeo vya kawaida au vitabu. Kichezeo kilipozungumza, mzazi alinyamaza, na mtoto naye akatoa sauti chache. Chupa yenye punje za mahindi haina la kusema, kwa hiyo inamwachia mama, baba au bibi nafasi ya kusema.

Wingi nao si neema. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, uliochapishwa 2018, uliwaweka watoto 36 wa miezi 18 hadi 30 kwenye chumba chenye vichezeo vinne, na wakati mwingine vichezeo 16. Palipokuwa na vinne, walikaa na kila kimoja muda mrefu zaidi na kubuni namna nyingi za kukichezea. Vichache vinatosha, mradi vibadilishwe mara kwa mara kama walivyofanya wale wahudumu wa Kingston.

Vya kutengeneza, umri kwa umri

*Kuzaliwa hadi miezi mitatu.* Mtoto mchanga huona vizuri vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30, takriban umbali wa uso wa mama anayenyonyesha. Mwanasaikolojia Robert Fantz wa Marekani alionyesha mwaka 1961 kwamba watoto wachanga hutazama michoro na sura ya mtu kwa muda mrefu kuliko rangi tupu. Kata boksi upate kadi ya ukubwa wa kiganja, gundisha karatasi nyeupe, kisha chora kwa kalamu nyeusi nene mistari, miduara au uso. Isogeze polepole kushoto na kulia huku ukizungumza naye. Pindo la kanga yenye weusi na weupe linafaa pia.

*Miezi mitatu hadi sita.* Huu ni umri wa kayamba. Osha chupa ndogo ya plastiki, ikauke kabisa ndani, tia punje za mahindi au mchele hadi robo, paka gundi kali kwenye kifuniko, kaza, kisha zungushia utepe. Chagua chupa nyembamba ili vidole vidogo viweze kuishika. Mtafiti Carolyn Rovee-Collier, aliyeanza kazi hiyo miaka ya 1960, alifunga utepe kutoka mguu wa mtoto hadi kwenye vichezeo vilivyoning'inia juu ya kitanda. Watoto wa miezi mitatu waligundua upesi kwamba wakirusha mguu vitu vinacheza, na siku kadhaa baadaye walikuwa bado wanakumbuka. Nyumbani usimfunge mtoto uzi wowote. Kayamba mkononi linafundisha jambo lile lile.

*Miezi sita hadi 12.* Mwalimu wa malezi wa Uingereza, Elinor Goldschmied, alipendekeza kapu lililojaa vitu vya kawaida vya nyumbani, visivyo vya plastiki, ambavyo mtoto aliyekwishajua kukaa huvichagua mwenyewe. Kapu la ukili linafaa sana kwa hili. Weka kijiko cha mti, kifuu kilichosuguliwa hadi kikawa laini, kipande cha dodoki, limau zima, kikombe cha bati na kitambaa kizito. Ongeza mkeka wa kugusa: kwa fundi cherehani omba mabaki ya kitenge, jinzi, satini na taulo, ushonee juu ya kitambaa kimoja pamoja na kipande cha gunia safi. Mtoto anapotambaa juu yake, mtajie: laini, kwaruzo, baridi, nene.

*Mwaka mmoja hadi miwili.* Kujaza na kumwaga. Beseni lenye maji kidogo, vikombe viwili vya ukubwa tofauti, chujio na sponji vinamfundisha uzito, ujazo na mwendo wa maji. Hapa mtu mzima haondoki hata dakika moja, kwa kuwa sentimita chache za maji zinatosha kumzamisha mtoto. Ukimaliza, mwaga maji.

*Miaka miwili na zaidi.* Donge la unga la kufinyanga. Changanya vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kula, maji ya ndimu moja na vikombe viwili vya maji. Pika kwa moto mdogo ukikoroga hadi liache kushikana na sufuria, liache lipoe, kisha likande. Manjano ya kupikia au maji ya kiazisukari hulipa rangi. Hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko na ulitupe likianza kunuka au kuota ukungu. Mtoto asilile, maana chumvi yake ni nyingi mno. Na lipikwe kweli, kwani unga mbichi unaweza kubeba bakteria.

*Miaka mitatu na zaidi.* Tafuta vikopo sita vinavyofanana. Viwili tia karafuu, viwili mdalasini, viwili iliki, funika kwa kitambaa na ukaze kwa kamba. Mtoto anuse na kuoanisha. Mchezo huo huo unawezekana kwa sauti: jozi ya mchele, jozi ya mchanga, jozi ya maharage.

Usalama kwanza

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kitu chochote kinachopita ndani ya ule mrija wa karatasi ngumu unaobaki karatasi ya chooni ikiisha kinaweza kumkaba. Visoda, shanga, karanga na maharage vikae ndani ya chombo kilichofungwa kwa gundi, na chombo kikaguliwe kila siku. Maharage yakiingia puani au kwenye njia ya hewa huvimba kwa unyevu. Puto na vipande vyake visikaribie mtoto mdogo. Kamba yoyote iwe fupi, isiyoweza kuzunguka shingo.

Betri ndogo za duara za saa na rimoti ni hatari ya aina yake, kwani zikimezwa zinaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Usipoteze muda, nenda hospitali. Epuka pia zile shanga za rangi zinazovimba zikiwekwa kwenye maji, kwa kuwa huvimba hivyo hivyo tumboni na kuziba utumbo.

Chupa iliyowahi kubeba dawa ya wadudu, mafuta ya taa au asidi haisafishiki kiasi cha kufaa kwa mtoto. Vipande vya mbao vyenye rangi ya zamani inayobanduka vinaweza kuwa na risasi, madini yanayoharibu ubongo ule ule tunaotaka kuujenga. Mbao isiyopakwa rangi, iliyopigwa msasa, ni bora.

Mtoto mwenye mahitaji maalumu

Mtaalamu wa tiba kazi wa Marekani, A. Jean Ayres, alieleza katika kitabu chake cha 1972 kwamba baadhi ya watoto hupata shida kuunganisha taarifa zinazotoka kwenye milango ya fahamu. Kwa mtoto mwenye usonji, kelele za soko au mshono wa shati vinaweza kuwa mateso. Mwingine hutafuta msukumo mkali zaidi, akajizungusha na kujigonga. Kifuko kizito cha mtama cha kuweka mapajani, au chupa yenye maji, mafuta na rangi inayotembea taratibu, humsaidia mtoto mmoja kutulia na kumkera mwingine.

Hata hivyo, mwaka 2012 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitahadharisha kwamba ushahidi wa tiba za hisi bado ni mdogo. Kichezeo hakitibu usonji wala mtindio wa ubongo. Humpa mtoto raha na nafasi ya kujifunza, naye mtaalamu wa tiba kazi hospitalini ndiye anayeweza kuonyesha kipi kinamfaa nani.

Kichezeo kinapotoa taarifa

Faida moja hutajwa mara chache. Mzazi anayecheza na mtoto kila siku ndiye wa kwanza kugundua tatizo. Mtoto wa miezi mitatu asiyefuata kadi kwa macho, wa miezi sita asiyegeuka kayamba linapolia nyuma yake, wa miezi tisa anayetumia mkono mmoja tu kuvuta vitu kutoka kwenye kapu, au wa umri wowote aliyepoteza uwezo aliokuwa nao, apelekwe kliniki bila kusubiri tarehe ya kupima uzito. Mweleze mhudumu ulichokiona, kimetokea mara ngapi na tangu lini. Mtoto mwenye tatizo la kusikia akigunduliwa kabla ya kufikisha mwaka mmoja ana nafasi kubwa zaidi ya kupata lugha kuliko atakayegunduliwa siku ya kuanza shule.