Kurejea simu ya vitufe: Pesa hutumwa, lakini tanzia haifiki

Mvuvi wa Msambweni simu yake ya kisasa inapoingia maji ya chumvi, au mama muuza samaki wa Gazi anaposhindwa kukamilisha malipo ya simu aliyoichukua kwa mkopo, aghalabu suluhu ya haraka hupatikana madukani Ukunda. Hiyo ni simu ndogo ya vitufe, ile iitwayo kabambe au mulika mwizi, ambayo kwa kawaida bei yake haifiki shilingi 2,000. Betri yake hukaa siku kadhaa, ina kurunzi, na ikianguka huokotwa na kuendelea kutumika. Mnunuzi hurudi nyumbani akiamini kwamba alichopoteza ni picha na video tu. Baada ya siku mbili tatu ndipo hung'amua kwamba hasara ni kubwa zaidi.

Suala la mkopo si dogo. Mnamo Julai 2020, kampuni ya Safaricom ikishirikiana na Google ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mteja alitanguliza sehemu ya bei kisha akalipa shilingi 20 kila siku. Simu zinazouzwa kwa utaratibu wa aina hii hufungwa kutoka mbali malipo yanapokawia. Shilingi 20 ni kitu kidogo kwa mwenye mshahara. Kwa anayetegemea bahari hesabu ni nyingine, kwani upepo wa kusi unapochacha na vyombo vidogo vikashindwa kutoka, siku za kulipa haziahirishwi.

Pigo la kwanza huwa ni majina. Wengi hudhani kwamba nambari za jamaa na marafiki zimo katika kadi ya simu, hivyo kuihamisha kadi ni kuhamisha kila kitu. Sivyo. Simu nyingi za kisasa huhifadhi nambari katika akaunti ya mtumiaji iliyoko kwenye intaneti, na kadi hubaki tupu. Hata mtu akizinakili mapema, kadi nyingi hubeba majina yapatayo 250 tu, na majina marefu hukatwa. Aliyekuwa ameandika "Mwalimu Mkuu wa Shule ya Msingi" huenda akabakiwa na "Mwalimu Mkuu w", na kama ana watoto katika shule mbili, atabahatisha yupi ni yupi.

Kuandika nako ni kazi. Katika kibonyezo cha 4 mna herufi g, h na i, kwa hiyo neno fupi kama "hii" humtaka mwandishi abonyeze kitufe kimoja mara 8, huku akitua kila baada ya herufi ili simu isizichanganye. "Habari" ni mara 12. Simu nyingine zina kamusi ya kubashiri maneno, lakini aghalabu kamusi hiyo ni ya Kiingereza na humvuruga anayeandika Kiswahili. Na hata ingalikuwa ya Kiswahili, mfuatano wa 7-2-7-2 ni "sasa" na pia ni "papa", jambo ambalo katika pwani ya wavuvi laweza kuzua maswali.

Hapa nataja jambo lililotukera sana wahariri katika miaka ya 2000, yaani vijana kuandika "xaxa" badala ya "sasa". Tulidhani ni ujuba. Lakini hebu msomaji ahesabu. Herufi s ni ya nne katika kitufe chake, ilhali x ni ya pili. "Sasa" hudai mabonyezo 10, "xaxa" 6. Naona kidole kilikuwa na hoja yake.

Kwa upande wa pesa, mabadiliko hayaumizi sana. Huduma ya M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, wakati simu iliyokuwa mikononi mwa Wakenya wengi ilikuwa hii hii ya vitufe. Ilibuniwa kwa ajili yake. Maagizo yake yamo ndani ya kadi yenyewe, hivyo hayahitaji intaneti, na *334# hutoa njia nyingine. Tokeni ya umeme yenye tarakimu 20 huja kwa arafa vilevile. Usajili katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, huweza kuanzwa kwa *147#, kwa hiyo mgonjwa anayeelekea Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Msambweni hahitaji simu ya kisasa kwa hatua hiyo. Kero ni kwamba menyu za namna hii zina muda maalumu. Mzee anayesoma polepole, au anayetafuta miwani, hukatiwa katikati na kulazimika kuanza upya.

Taabu yenyewe hasa iko katika vikundi vya WhatsApp. Ujumbe unaotumwa kwa mtu asiyekuwa hewani huhifadhiwa na kampuni hiyo kwa siku 30, kisha hufutwa. Akaunti isiyotumiwa kwa siku 120 hufutwa pia. Lakini katika muda huo wote jina lake limo kundini, na wenzake huamini kwamba ameusoma ujumbe. Hakuna anayempigia. Ndivyo mtu anavyokosa habari za mkutano wa wazazi, zamu ya chama, au kikao cha wavuvi. Chungu zaidi ni tanzia. Katika jamii ya Waislamu maziko aghalabu hufanywa siku iyo hiyo, na tangazo lililotumwa kundini alfajiri likimfikia mtu jioni kwa mdomo, keshakosa kumzika jirani yake. Halafu ataulizwa alikuwa wapi.

Zamani, tangazo kama hilo lilienezwa kwa miguu na kipaza sauti cha msikiti. Bado kipaza sauti kipo, ila kadiri vikundi vinavyozoeleka ndivyo wanaobisha hodi mlango kwa mlango wanavyopungua. Aliyerejea simu ya vitufe ameitoka njia mpya ilhali ile ya kale inafifia.

Serikali nayo imehamia huko huko. Huduma nyingi hutolewa kupitia eCitizen, na maombi ya nafasi za vyuo kupitia KUCCPS hufanywa kwenye tovuti. Asiye na simu ya kisasa hwenda saiba, hulipa, na mara nyingi humtajia mhudumu nywila yake ili kazi iende haraka. Hilo la nywila ni hatari kuliko gharama. Ni heri kuiandika mwenyewe, hata kwa kidole kimoja, au kwenda katika kituo cha Huduma.

Kwa anayelazimika kuhama, au anayetaka kwa hiari yake kupumzisha macho na fikra, maandalizi ya nusu saa hupunguza adha. Nambari zinakiliwe kwenye kadi simu ya zamani ikiwa bado inawaka, na zile muhimu ziandikwe daftarini. Makatibu wa vikundi waarifiwe watume arafa, kisha mtu ajiondoe kundini ili kutokuwepo kwake kuonekane. Arafa ya kawaida ina nafasi ya herufi 160. Mtumaji akitia kikatuni kimoja tu cha uso unaocheka, nafasi hushuka hadi 70, na huenda mpokeaji akaona kisanduku kitupu. Afadhali katibu aandike kwa maneno.

Kama simu ya kisasa bado nzima, inaweza kubaki nyumbani na akaunti ya WhatsApp ikaendelea kutumika humo kwa intaneti ya jirani, bila kadi. Ila kadi iliyo katika simu ndogo ndiyo itakayopokea arafa yenye tarakimu 6 iwapo mtu mwingine atajaribu kuiteka akaunti hiyo, na tarakimu hizo hazisomewi mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa afisa wa kampuni.