Mgomba Hauingii Kwenye Kikombe

Kila msimu wa kahawa swali ni lilelile: "Mtaalamu, hii ya Kilimanjaro ina utamu wa ndizi kwa sababu imelimwa kihambani pamoja na migomba, siyo?" Siyo. Nimewajibu hivyo wakulima, wauzaji na waongoza watalii, na bado hadithi inasimuliwa kwa wageni kama ukweli. Sasa naona hata pakiti zinazojinadi kwamba mibuni yake ilikua chini ya parachichi.

Mzizi wa mbuni unafyonza maji na virutubisho vilivyoyeyuka humo: naitrojeni, potasiamu, kalsiamu. Harufu ya ndizi hutengenezwa ndani ya ndizi yenyewe inapoiva, juu kwenye mkungu, na haina njia ya kushuka ardhini ikaingia mzizi wa jirani. Chukua kahawa ghafi ya Old Moshi, kutoka kihamba kilichojaa migomba, uinuse. Utapata majani makavu na kunde mbichi, basi. Ile harufu inayotuita jikoni asubuhi huzaliwa kwenye kikaango, sukari na protini za punje zikikutana na joto la nyuzi 200 hivi.

Imani hii ina hasara zake. Rwanda na Burundi kahawa nzuri mara nyingine hutoa harufu ya kiazi mviringo kibichi, kikombe kizima kikaharibika, na wapo wanaolaumu viazi vilivyo shambani. Anayehusishwa na kasoro hiyo ni antestia, mdudu anayetoboa tunda na kuwafungulia bakteria njia. Mkulima anayeng'oa viazi amejinyima chakula, na mdudu amemwacha palepale.

Mgomba una kazi yake na nitautetea: unatoa kivuli na matandazo, unapoza shamba. Ubaridi ndio wenye maana. Kila ukipanda mita 100 mlimani, joto hupungua kwa nusu nyuzi au zaidi kidogo. Tunda la kwenye mita 1,700 huiva polepole, punje yake hukaza, na uchachu wake huchangamka kwa namna ambayo tambarare haiwezi kuiga. Na msiniambie ni udongo wa volkano. Milima ya Umatengo kule Mbinga haikutokana na volkano, na kahawa yake naiweka mezani bila wasiwasi kando ya ile ya Kilimanjaro.

Halafu kuna mbegu, ambayo wasifiaji wa maeneo huisahau. Ule uchachu wa kahawa ya Kenya, mzito na mtamu kama zambarau iliyoiva, sehemu kubwa unatokana na SL28, aina iliyochaguliwa na Scott Laboratories pale Kabete miaka ya 1930. Asili ya mbegu yake? Monduli, Tanganyika. Anayesema ladha hiyo ni ya ardhi ya Nyeri peke yake ameacha nusu ya habari.

Mnunuzi, soma pakiti: wilaya, mwinuko, aina ya mbuni, namna ilivyoandaliwa, tarehe ya kukaangwa. Isiyotaja tarehe, iache. Ukitaka uchachu safi, chukua iliyooshwa. Ukitaka harufu ya matunda, hata ya ndizi, chukua iliyokaushwa na ganda lake, kwa sababu uchachukaji ndio unaoileta. Mkulima, chuma nyekundu tupu, menya siku hiyohiyo, anika kwenye vichanja, geuza mara kwa mara.

Lipo jambo moja ambalo jirani huambukiza kweli, na halisemwi. Kahawa iliyokwisha kukauka hunyonya harufu upesi. Nimeonja kahawa ya mita 1,800, imechumwa vizuri na kuoshwa vizuri, ikanuka mafuta ya taa kwa sababu gunia lililazwa kando ya dumu. Viongozi wa vyama vya msingi, toeni mafuta, mbolea na vitunguu kwenye maghala yenu kabla gunia la kwanza halijaingia.