Pedali ya Breki Ikiwa Laini: Msizoee Kupampu

Ndugu zetu wa vikundi, wengi wenu sasa mna gari. Mlifanya harambee, mkaweka akiba kidogo kidogo, mkanunua pikapu ya zamani ya kupeleka nazi na mboga Kongowea, na usiku ikibidi kumkimbiza mama mjamzito hospitali. Gari kuwa la zamani si kosa. Lakini kuna ugonjwa mmoja wa magari haya ambao watu wanauzoea kama mtu anavyozoea kikohozi, nao ni pedali ya breki kuwa laini.

Mimi niliujua siku moja nikitoka upande wa Kwale na pikapu ya kikundi kimoja, nimekaa mbele. Kila tukikaribia matuta, dereva anapiga pedali mara mbili, mara tatu, ndipo gari lishike. Nikamuuliza, "Mwanangu, mbona wapampu hivyo?" Akanijibu, "Hii ndiyo tabia yake, mama. Tushaizoea." Tukafika Likoni, tukaanza kuteremka ule mteremko wa kuingia feri. Mbele yetu watu wa miguu, akina mama na watoto, mikokoteni, na mbele yao bahari. Mara ya kwanza pedali ikaenda mpaka chini. Ya pili ikashika.

Hakuna aliyeumia. Lakini tulipovuka sikukubali gari liendelee. Tuliliegesha upande wa kisiwani, mimi nikaenda Bondeni kumtafuta mzee mmoja fundi ninayemfahamu. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza, akachukua begi lake la spana tukarudi naye. Mengi ninayoandika hapa ni yale aliyotuonyesha siku hiyo, na mengine nimejifunza baadaye.

Breki ya gari hufanya kazi kwa mafuta. Ukikanyaga pedali, masta silinda inasukuma mafuta ndani ya paipu mpaka kwenye magurudumu, na huko mafuta yanasukuma breki shuu au pedi. Mafuta hayabinyiki, hewa inabinyika. Mkitaka kuona wenyewe, chukueni bomba la sindano lisilo na sindano, mlijaze maji, mzibe mdomo kwa kidole na msukume: halisogei. Sasa acheni hewa nusu, msukume tena: linadunda. Hivyo ndivyo mguu wa dereva unavyosikia hewa ikiwa ndani ya paipu.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi yeyote, kaeni ndani, gari limesimama pahali tambarare, mkanyage msikilize. Pedali inayodunda kama godoro, na ukipampu inakuwa ngumu kidogo, mara nyingi ina hewa. Pedali inayokwenda chini sana lakini pigo la pili inapanda na kuwa imara, hiyo mara nyingi ni breki shuu za nyuma zimelika au hazijakazwa, na dawa yake ni kuzirekebisha ama kuzibadilisha. Tena mkifungua dramu, msipulize lile vumbi kwa mdomo wala kwa upepo wa pampu, kwa sababu breki za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, inayodhuru mapafu. Lifuteni kwa kitambaa kibichi.

Ya tatu ndiyo mbaya. Unakanyaga, inashika, lakini ukiendelea kushikilia mguu inazama polepole mpaka chini. Hapo ama mafuta yanavuja mahali, ama raba za ndani ya masta silinda zimekwisha na mafuta yanapita kando. Hizi raba za ndani zinaweza kuharibika bila tone hata moja kuonekana nje, ndiyo sababu watu wanabishana na fundi. Gari lenye dalili hii lisitoke hapo lilipo.

Gari la kikundi chetu lilikuwa linavuja kwenye silinda ya gurudumu la nyuma kushoto. Tairi lilikuwa na unyevu upande wa ndani, lakini lina vumbi na matope, nani angeangalia? Angaliaeni huko, na hosi za mpira kama zimepasuka, na paipu za chuma chini ya gari, maana chumvi ya bahari huku kwetu inazila haraka. Inueni pia zulia chini ya pedali; likiwa na mafuta, masta silinda inavuja kwa nyuma.

Baadaye nilifungua daftari la mweka hazina. Nikaona mafuta ya breki yamenunuliwa mara sita kwa miezi miwili! Mafuta ya breki hayaliki kama petroli. Yanashuka kidogo tu kadiri pedi zinavyolika. Mkiona mnanunua kila mara, daftari lenyewe limeshawaambia kuna mahali panavuja.

Juu ya mafuta yenyewe: tumieni yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa ya breki, kwa mengi ya magari haya ni DOT 3 au DOT 4. Oili ya injini hufurisha raba na kuharibu mfumo wote. Maji ya sabuni, ambayo wengine wanatia ati kwa dharura, yanachemka mapema na kuleta kutu. Hata mafuta ya halali hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya huanza kuchemka si chini ya digrii 205, lakini ikishanyonya maji inaweza kushuka hadi 140 hivi. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabinyika kama hewa. Wenzetu wa Taita mnaoteremka kutoka Wundanyi hadi Mwatate na mzigo, hii inawahusu zaidi: shukeni kwa gia ndogo, na mafuta yabadilishwe kila miaka miwili.

Raba zikishabadilishwa, inabaki kutoa hewa. Kazi hii inataka watu wawili. Zuieni magurudumu kwa mawe, na gari lisikae juu ya jeki peke yake. Jazeni chupa mafuta mapya kutoka kopo lililofungwa. Anzeni na gurudumu la mbali zaidi na masta silinda; kwa magari yetu ya usukani wa kulia mara nyingi ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Aina nyingine zina mpango wake, basi ulizeni. Nyuma ya gurudumu kuna skurubu ndogo yenye tundu. Isafisheni, mchomeke mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo ya breki.

Wa juu anakanyaga polepole na kushikilia. Wa chini anafungua skurubu kidogo, mapovu yanatoka, pedali inazama. Wa chini anafunga kwanza, ndipo wa juu anaachia mguu. Akiachia mapema, hewa inanyonywa kurudi ndani na mnaanza upya. Sisi tulikuwa tukiitana, "Shika!" "Nimeshika!" "Achia!" mpaka wapita njia wakasimama kutazama. Wekeni kipande cha mbao chini ya pedali ili masta silinda ya zamani isisukumwe hadi mwisho na kuchana raba zake. Na chupa ya juu isikauke kamwe.

Mboga za siku ile ziliharibika, na kwenye mkutano uliofuata kuna waliosema mimi ndiye niliyetia hasara. Mimi nikauliza ni nani aliyemruhusu dereva kusema gari haliendi. Ikawa kimya. Kumbe alikwisha kusema mara mbili, akaambiwa amalize msimu wa maembe kwanza. Basi waliandika kwenye kumbukumbu kwamba dereva akisikia pedali inazama, anaegesha bila kumwuliza mwenyekiti, na pesa za raba na mafuta ya breki zinatengwa kabla ya kugawana faida. Sasa kila asubuhi kabla ya kupakia, wanakanyaga na kushikilia wakihesabu hadi thelathini.