Ram: albamu iliyopondwa na wahakiki, ikaokolewa na wajukuu

Ram ni albamu ya pili aliyoitoa Paul McCartney baada ya Beatles kuvunjika, na katika kazi zake zote ndiyo pekee yenye majina mawili juu yake: Paul na Linda McCartney. Ilitoka Mei 1971, ikiwa na nyimbo 12 zinazochukua takriban dakika 43. Wahakiki wa wakati ule waliiponda vibaya, huku wanunuzi wakiigombea madukani. Miongo minne baadaye kikaja kizazi kingine cha wahakiki, kikaitaja miongoni mwa kazi bora kabisa za mtu huyo. Nyimbo zenyewe ni zile zile, kwa hiyo kisa cha Ram ni kisa cha masikio ya watu kuliko cha studio.

Ili kuelewa hasira ya 1971, lazima kuanza na kesi. Aprili 1970 McCartney alitoa albamu yake ya kwanza, iliyoitwa McCartney, aliyoirekodi kwa sehemu kubwa nyumbani huku akipiga ala zote mwenyewe. Pamoja na nakala za waandishi wa habari aliambatanisha maswali na majibu yaliyoonyesha kwamba hana mpango wa kurudi kufanya kazi na wenzake. Dunia ikamwona yeye ndiye aliyeua Beatles, ingawa John Lennon alikuwa amekwisha kuwaambia wenzake faraghani, Septemba 1969, kwamba anaondoka. Kisha, tarehe 31 Desemba 1970, McCartney akafungua shauri katika Mahakama Kuu ya London dhidi ya wenzake watatu, akitaka ushirika wao uvunjwe kisheria. Shabaha yake hasa ilikuwa kujinasua kutoka kwa meneja Allen Klein, ambaye wenzake walimkubali na yeye alimkataa. Lakini mpenzi wa kawaida wa muziki hakufuata undani huo. Alichosikia ni kwamba Paul amewashtaki rafiki zake.

Wakati huo huo wenzake walikuwa wametoa kazi nzito. George Harrison alitoa All Things Must Pass, mkusanyiko wa santuri tatu uliojaa dua na tafakuri ya kiroho. Lennon naye alitoa albamu ya mayowe na machungu, akiimba juu ya mama yake aliyefariki na juu ya imani alizozitupa. Hiyo ndiyo iliyokuwa mizani. Mwanamuziki wa roki alitarajiwa kuwa na neno zito, ama juu ya vita vya Vietnam, ama juu ya mapinduzi, ama juu ya vidonda vya moyo wake. McCartney akaja na nyimbo za kuishi shamba, kula chakula nyumbani na mke, mjomba aitwaye Albert, na jamaa anayetabasamu huku miguu ikinuka.

Albamu yenyewe haikutengenezwa kizembe, na hapa ndipo hukumu ya kwanza ilipokosea zaidi. Msimu wa vuli wa 1970 McCartney na mkewe walikwenda New York kutafuta wapigaji. Mpiga ngoma Denny Seiwell alifanyiwa majaribio katika chumba cha chini cha jengo chakavu, akaambiwa apige peke yake bila mtu wa kumsindikiza. Alipita. Magitaa yalishikwa na David Spinozza, na baadaye Hugh McCracken, wote wawili wakiwa mafundi wa kukodiwa waliozoea kazi za studio za jiji lile. Wanamuziki wa New York Philharmonic waliitwa kupiga nyuzi na tarumbeta katika nyimbo kadhaa. Kwa hiyo waliosema ni kazi ya mtu aliyelala shambani walidanganywa na mashairi. Ukisikiliza besi ya McCartney katika wimbo wa mwisho, The Back Seat of My Car, au namna vipande vya nyimbo tofauti vilivyounganishwa kuwa kimoja katika Uncle Albert/Admiral Halsey, unasikia fundi aliyehangaikia kila kona.

Wahakiki hawakuhesabu hayo. Jon Landau, katika gazeti la Rolling Stone, aliandika kana kwamba anazika: kwake Ram ilikuwa dalili ya kuoza kwa roki ya miaka ya sitini, kazi isiyo na uzito wala maana. Robert Christgau, aliyekuwa na desturi ya kuzipa albamu alama kama mwalimu, aliipa C yenye nyongeza ndogo. Hata Ringo Starr, mpole kuliko wote wanne, aliliambia gazeti la Melody Maker kwamba haoni hata tuni moja ndani yake. Kauli hiyo ni ya ajabu kidogo, maana kasoro ya Ram, kama ipo, ni wingi wa tuni. Nyimbo nyingine zina tatu au nne, na kila moja ingetosha kujengewa wimbo wake.

Lennon aliisikiliza kwa sikio la mtu anayejitafuta. Aliamini kwamba wimbo wa kwanza, Too Many People, unamsema yeye na mkewe, Yoko Ono, na hakukosea. Miaka mingi baadaye McCartney alikiri kuwa alimchoma kidogo. Katika Dear Boy, Lennon alijisikia kusemwa tena, ingawa kwa maelezo ya McCartney wimbo ule ulimhusu mume wa kwanza wa Linda. Nyuma ya jalada kulikuwa na picha ya mbawakawa wawili wakijamiiana, na kwa kuwa jina Beatles linafanana kwa matamshi na jina la Kiingereza la wadudu hao, watu waliipokea picha hiyo kama tusi lisilohitaji mkalimani. Jibu la Lennon lilikuja mwaka huo huo katika albamu ya Imagine: wimbo How Do You Sleep?, wenye gitaa la George Harrison, unaomshambulia McCartney waziwazi. Ndani ya nakala za mwanzo iliwekwa kadi yenye picha ya Lennon akimshika nguruwe masikio, kejeli kwa jalada la Ram ambapo McCartney anamshika kondoo dume pembe shambani kwake Scotland. Hata hivyo, katika mahojiano mengine ya mwaka ule Lennon alikubali kwamba mwanzo wa Ram On na wa Uncle Albert ulimpendeza. Ugomvi wa ndugu una tabia hiyo.

Huku magazeti yakilalamika, maduka yalikuwa na sura tofauti. Ram ilishika namba moja Uingereza na namba mbili Marekani, ambako Tapestry ya Carole King ndiyo iliyokuwa haing'oki kileleni. Uncle Albert/Admiral Halsey ulifika namba moja Marekani Septemba 1971, kisha ukapata tuzo ya Grammy kwa mpangilio wa ala. Maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa na rekodi ile sebuleni, wakaipiga jikoni na garini, na watoto wao wakaikariri. Watu hao hawakuandika uhakiki. Maoni yao yalihesabiwa kwa fedha tu, na kwa muda mrefu historia iliandikwa bila wao.

Jambo lililogawa wasikilizaji kuliko yote lilikuwa Linda. Alikuwa mpiga picha, tena mzuri, lakini hakuwa mwanamuziki wa kazi. Kampuni iliyomiliki hakimiliki za nyimbo za McCartney haikuamini kwamba mwanamke huyo aliweza kutunga naye, ikapeleka malalamiko yake mahakamani. Yakaja kumalizwa kwa makubaliano. Wasikilizaji wengi walimsikia kwa masikio ya mwenye kampuni: mke aliyeingizwa studio kwa upendeleo. Sauti yake, nyembamba na isiyofunzwa, ilitajwa kama kitu cha kuvumiliwa. Leo wapo wengi wanaoona kinyume. Katika Dear Boy na Long Haired Lady sauti zake zimepangwa tabaka juu ya tabaka mpaka zinakuwa kama ala ya pekee, na ule ubichi wake ndio unaozuia ufundi wa mumewe usiwe mtamu kupita kiasi. Ukimwondoa Linda, Ram inabaki kuwa albamu nadhifu ya mtu mwenye kipaji, na ile hali ya watu wawili kucheka pamoja inapotea. Ni haki kusema pia kwamba sehemu ya chuki ile haikuwa ya muziki. Ilikuwa wivu wa mashabiki kwa mwanamke aliyeolewa na Beatle wa mwisho kuwa kapera, ikichanganyika na dharau ya wanaume wa magazeti.

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Ugomvi ulipoa, Lennon aliuawa 1980, Linda alifariki kwa saratani 1998, na wakakua wasikilizaji ambao kesi ya 1970 kwao ni habari ya vitabuni. Walikuta rekodi za wazazi au za babu, wakazisikiliza bila deni. Vijana waliokuwa wakirekodi muziki vyumbani mwao, mbali na kampuni kubwa, walisikia ndani ya Ram kitu walichokuwa wakikitafuta: nyimbo zinazoruka kutoka wazo hadi wazo, mzaha usioomba radhi, ukulele iliyoachwa na kelele zake, ndoa na mashamba kuwa mambo ya kuimbwa. Mhakiki Stephen Thomas Erlewine aliiona kama chanzo cha muziki wa namna hiyo. Ilipotolewa upya 2012 sifa zilimiminika, na 2020 Rolling Stone, lile lile lililoizika, liliiingiza kwenye orodha yake ya albamu 500 bora za nyakati zote.

Haimaanishi kwamba sasa wote wanakubaliana. Monkberry Moon Delight bado ni jiwe la kujikwaa: McCartney anaunguruma na kukwaruza koo kwa dakika zaidi ya tano, akiimba maneno yasiyo na maana inayoshikika. Kuna wanaousikia kama furaha tupu, na Screamin' Jay Hawkins, bingwa wa mayowe wa Marekani, aliupenda kiasi cha kuurekodi mwenyewe. Wengine huuruka kila mara. Smile Away unaonekana kwa baadhi kuwa utani uliorefushwa. Malalamiko ya zamani kwamba mashairi ni mepesi hayajafa, na si ya kupuuzwa. McCartney mara nyingi aliridhika na neno lililokaa vizuri mdomoni hata kama halikusema kitu, na msikilizaji anayemtaka mshairi hatampata hapa. Wapo pia wanaobishana juu ya toleo. Mwaka 1971 vituo vya redio vya Marekani vilipelekewa nakala za mono ambazo hazikuuzwa madukani, na tangu toleo hilo litolewe kwa umma 2012 kuna mashabiki wanaodai ngoma za Seiwell zina nguvu zaidi humo kuliko kwenye stirio.

McCartney mwenyewe hakuitumia sana jukwaani. Muda mfupi baada ya Ram aliunda bendi ya Wings, akiwa na Linda na Seiwell, na nyimbo za bendi hiyo zikachukua nafasi. Juni 1971 alikuwa tayari amemwajiri Richard Hewson aipange albamu nzima kwa okestra. Rekodi hiyo ilikaa kabatini hadi 1977, ilipotolewa kwa jina la Percy "Thrills" Thrillington, mtu asiyekuwapo, ambaye McCartney alimtangaza kwa matangazo madogo ya magazetini kana kwamba ni bwana mkubwa wa mjini. Alichukua miaka mingi kukiri hadharani kwamba kazi ile ilikuwa yake.