Ripoti ya Mazingira: Tuandike Vipi Ili Tusikilizwe?



Miaka michache iliyopita, akina mama wa kikundi kimoja hapa Makupa waliniletea barua niwachapie. Nyuma ya nyumba zao palikuwa panataka kufunguliwa gereji ya malori. Barua ilisema: "Sisi wakazi tunapinga kabisa mradi huu kwa sababu utaleta uchafu na magonjwa mengi." Chini yake zilikuwa sahihi 42. Tukaituma vile vile. Jibu likaja la mstari mmoja: maoni yenu yamepokelewa. Basi, gereji ikafunguliwa.

Nilijilaumu mwenyewe kwanza. Barua ile ilikuwa ya kweli, lakini haikuonyesha njia. Aliyeisoma ofisini hakuweza kujua ni uchafu gani, utapita wapi, na utamfikia nani. Leo nataka tuzungumze juu ya kuandika jambo hili vizuri.

TATHMINI NI NINI?

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inataka mradi unaoweza kudhuru mazingira uchunguzwe kwanza, athari zake ziandikwe, ndipo NEMA itoe leseni au ikatae. Mradi mdogo huandikiwa ripoti fupi. Mradi mkubwa hufanyiwa uchunguzi kamili. Ripoti huandikwa na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, na anayemlipa ni mwenye mradi.

Hapo wengi hukata tamaa. "Kama analipwa na tajiri, sisi tuna kazi gani?" Kazi ipo! Mtaalamu huja siku chache akaenda zake. Wewe umekaa hapo miaka 20 na unajua maji ya mvua yanapita mlango wa nani. Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 69 kinaitaka serikali kuwahimiza wananchi washiriki.

MASWALI MATANO YANAYOFUATANA

Ukisoma ripoti, au ukiandika maoni, kila jambo lipitishe katika maswali haya. Tutumie mfano wa ile gereji.

1. Kitafanyika nini hasa? Usiandike "shughuli za magari." Andika: "Malori yataoshwa na kubadilishwa oili hapo, na uwanja ni mchanga mtupu, hauna saruji."

2. Uchafu utapita wapi? "Masika ikinyesha, oili itateremka na mtaro hadi mkono wa bahari wa Makupa." Na bahari ina mwendo wake. Kabla ya daraja jipya kufunguliwa mwaka 2022, lile tuta la zamani la Makupa lilikuwa limeyazuia maji yasipite. Kwenye ramani lilionekana barabara tu. Mvuvi ndiye aliyejua maji yanasimama wapi, yanakwenda vipi wakati wa bamvua.

3. Utamfikia nani? "Kisima kiko hatua 30 chini ya uwanja, na nyumba 17 zinakitumia. Chini zaidi kuna mikoko, ambapo vijana huvua kaa."

4. Kwa kiasi gani, na kwa muda gani? Malori mangapi kwa siku? Wakati wa mvua tu au mwaka mzima? Mkoko hupumua kwa mizizi inayochomoza juu ya tope. Oili ikiifunika ile mizizi, mti hukosa hewa na kufa, na kuotesha mwingine ni kazi ya miaka. Mambo kama haya yaandikwe.

5. Utazuiwaje, na nani atakagua? Jihadharini na maneno "hatua zinazofaa zitachukuliwa." Hatua gani? Afadhali: "Sakafu ya saruji, shimo la kunasa oili, pipa la oili chafu, na ukaguzi kila mwezi." Mkaguzi atajwe cheo chake.

Swali moja likikosa jibu, ripoti ina pengo. Uliza hapo hapo penye pengo, usipinge kila kitu kwa jumla. Na faida nazo tuziandike kwa haki. Gereji ingewapa vijana wetu kazi. Anayesema ubaya peke yake haaminiki hata pale anaposema kweli.

JIRANI ZETU WA OWINO UHURU

Huenda mtu akasema, haya ni makaratasi tu. Hebu tuvuke Makupa twende bara, hadi kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi pale, kikipakana na nyumba za watu. Mwaka 2009 Bi. Phyllis Omido aliajiriwa humo, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kushughulikia ripoti ya mazingira. Yeye na wataalamu waliona kwamba kijiji kiko karibu mno, na sumu ya madini ya risasi itawafikia watu. Akapendekeza kiwanda kihamishwe. Wakubwa hawakukubali, naye akapewa kazi nyingine. Baadaye mtoto wake mwenyewe alipimwa akakutwa na sumu hiyo damuni.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kukawa na rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi huo. Lakini wenzangu, fedha haimtoi mtoto risasi iliyokwisha kuingia mwilini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Huko Lamu nako, leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe iliyotolewa mwaka 2016 ilifutwa Juni 2019 na Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira. Sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo juu ya ripoti yenyewe. Mkutano wa kujulishwa kuwa mradi unakuja hautoshi. Ripoti ikishatoka, watu waelezwe kilichomo na waulizwe.

ANZENI NA DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hata mazingira ni mali. Kila kikundi kinunue daftari moja, kiandike hali ilivyo leo: maji ya kisima yana rangi gani, samaki gani wanapatikana, watoto wangapi wanakohoa, na tarehe. Tenganisheni "tumeona," "tumesikia," na "tunahofia." Usipojua jana ilikuwaje, utathibitishaje kesho kwamba imeharibika?

Likitoka tangazo la mradi, someni tarehe ya mwisho ya kutoa maoni. Pelekeni barua kabla ya siku hiyo, na nakala yenye muhuri mbaki nayo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni mradi gani unaokuja karibu nasi? Nani ameona ripoti yake?
2. Maji ya mvua ya mtaa wetu yanaishia wapi?
3. Nani atashika daftari, na tutalisoma pamoja siku gani?