Mtakatifu wa Philadelphia na Daftari la Dada Yangu



Kila mwaka kitabu chetu hiki hutuletea habari za arusi, ubatizo, misiba na watoto waliohitimu. Safari hii wazee wa kamati wameniomba niandike juu ya hija yetu ya mwezi wa Machi, na juu ya jambo tulilolizungumza siku ile hadi usiku wa manane, yaani mfuko wetu wa elimu. Nimekubali, kwa kuwa kwa maoni yangu mambo hayo mawili ni jambo moja.

Tarehe 3 Machi ni sikukuu ya Mtakatifu Katharine Drexel. Jamaa wa Philadelphia, pamoja na wale waliotoka New Jersey na Maryland, tulikutana katika Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, ambamo kaburi lake limo tangu mwaka 2018. Kabla ya hapo alikuwa amezikwa Bensalem, nje kidogo ya mji, kwenye nyumba mama ya masista wake. Baada ya Misa tulisimama mbele ya kaburi, watoto mbele, wazee nyuma. Ndipo mtoto wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 12, aliponivuta koti na kuniuliza: "Baba mdogo, kama alikuwa tajiri, kutoa kulimsumbua nini? Mbona bibi kijijini hutoa na hana kitu?"

Sikumjibu pale pale. Nitajaribu hapa.

Katharine alizaliwa Philadelphia tarehe 26 Novemba 1858. Baba yake, Francis Drexel, alikuwa mwenye benki. Mama yake alifariki wiki tano tu baada ya kumzaa, akalelewa na mama wa kambo, Emma Bouvier. Katika hadithi zetu mama wa kambo huwa mtu mbaya. Huyu hakuwa hivyo. Mara tatu kwa wiki alifungua mlango wa nyumba yake kwa maskini, akawapa nguo, dawa na fedha za kodi ya nyumba, na mabinti watatu wa nyumba ile walikuwa wasaidizi wake. Shule ya kwanza ya Katharine katika kutoa ilikuwa mlango huo.

Baba yake alipofariki mwaka 1885 aliacha mali ya dola zipatazo milioni 15 na nusu. Wosia wake ulisema sehemu moja ya kumi iende kwenye mashirika ya huruma, na mabinti wagawane mapato ya sehemu iliyobaki. Mapato tu, siyo mali yenyewe. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo, kwani nitalirudia.

Mwaka 1887 Katharine alikwenda Roma, akamwomba Baba Mtakatifu Leo wa 13 awapelekee wamisionari wenyeji wa asili wa Marekani, ambao alikwisha kuanza kugharimia shule zao. Baba Mtakatifu akamwuliza kwa nini yeye mwenyewe asiwe mmisionari. Inasemekana binti alitoka akilia. Naam, hapo ndipo lilipo jibu la swali la mtoto wetu. Fedha alikuwa nazo siku zote na kuzitoa hakukumliza. Kilichomliza ni kuombwa nafsi yake. Tarehe 12 Februari 1891 aliweka nadhiri, akaanzisha shirika la Masista wa Sakramenti Takatifu, kazi yao ikiwa ni elimu ya wenyeji wa asili na ya watu weusi. Husimuliwa kwamba aliyetoa mamilioni kwa wengine alitumia penseli hadi kipande cha mwisho.

Haikuwa kazi ya kupigiwa makofi. Kusini mwa Marekani sheria zilitenga watoto kwa rangi ya ngozi, na mtoto mweusi alipewa makombo ya elimu, kama alipewa. Mwaka 1905, huko Nashville, mtu aliyeuza nyumba alipojua kwamba itakuwa shule ya wasichana weusi alitaka kuirudisha mikononi mwake, na majirani wakapiga kelele. Mama Katharine hakurudi nyuma, shule ikafunguliwa. Mwaka 1915 alianzisha shule ya sekondari mjini New Orleans. Mwaka 1917 ikaongezewa mafunzo ya ualimu, na mwaka 1925 ikawa chuo kikuu, Xavier. Mwaka 1927 kikapata kitivo cha ufamasia. Hadi leo katika vyuo vikuu vya watu weusi vya kihistoria nchini Marekani, cha Kikatoliki ni hicho peke yake, na kinasifika kwa wahitimu wake wengi kuendelea na masomo ya udaktari.

Lakini tusimsifu kwa kufumba macho. Shule za bweni za wenyeji wa asili, za serikali na za makanisa, ziliwatenga watoto wengi na wazazi wao, lugha zao na mila zao, na uchungu huo unazungumzwa wazi leo. Tena shirika lake lenyewe kwa miaka mingi halikupokea wasichana weusi kuwa masista. Sisi tuliolelewa misheni tunaijua hali hiyo: mkono uliotupa kalamu ndio pia uliotukataza ngoma. Mtu hushukuru, na hakumbuki nusu tu.

Sasa nirudi kwenye wosia. Mama Katharine alifariki tarehe 3 Machi 1955, akiwa na umri wa miaka 96. Alikuwa ametoa jumla ya dola zipatazo milioni 20, na shirika lake lilikuwa na shule zaidi ya 60. Dada zake walikuwa wamemtangulia na hakuna aliyeacha mtoto. Kwa hiyo, kama baba yao alivyoandika, mali yote iligawiwa kwa mashirika aliyoyataja mwaka 1885. Masista wa Sakramenti Takatifu hawakuwamo, kwani walikuwa bado hawajaanzishwa. Mfereji ukakauka. Zipo shule zilizofungwa baadaye, lakini Xavier kiliendelea. Hata mafuriko ya kimbunga Katrina ya mwaka 2005 hayakukimaliza. Januari 2006 wanafunzi walirudi darasani. Alikuwa ameacha walimu na wahitimu, na wao hawakuandikwa katika wosia wa mtu yeyote.

Jioni ile tulipokaa kula, ndilo neno lililotuchoma. Shemeji yangu alisema waziwazi: "Sisi tunaochangia tunazeeka. Watoto wetu waliozaliwa huku hawawajui watoto wa kule. Tukifa, mfuko umekufa." Wengine walikasirika. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa namfikiria dada yangu.

Mwaka 1984, kule kwetu Mbinga, mimi na yeye tulimaliza darasa la saba pamoja, kwani alichelewa kuanza shule kwa ajili ya kumlea mdogo wetu. Sote tulipata nafasi katika shule za misheni. Fedha za kahawa zilitosha mmoja. Marehemu baba akanichagua mimi. Dada alinifungia mzigo wangu, akanisindikiza hadi barabarani, akarudi nyumbani kupepeta mahindi. Sijawahi kuliandika hili mahali popote.

Na ni yeye leo anayeshika daftari la mfuko wetu. Mwaka 2016 shule za serikali Tanzania zilifuta ada hadi kidato cha nne, ila sare, chakula, mabweni na vyuo bado vinataka fedha. Kila shilingi tunayopeleka huiandika kwa mwandiko wake wa darasa la saba: nani kapewa, lini, kwa kazi gani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Binti yake alisoma ualimu kwa mfuko huo na sasa anafundisha. Mwezi wake wa kwanza wa mshahara alimnunulia viatu mtoto wa jirani, bila kuambiwa na mtu.

Basi haya ndiyo tuliyoyapatana usiku ule, na nayaleta kwa koo zote. Kwanza, kila aliyesomeshwa, akipata kazi, amsaidie mmoja anayemfuata, kwa kadiri awezavyo. Pili, kamati ya mfuko ihamie nyumbani polepole, na binti huyo mwalimu aanze kushika daftari pamoja na mama yake. Tatu, asiachwe msichana kwa sababu fedha zimetosha mmoja. Zikitosha mmoja, tupigiane simu kabla ya mtu kuchagua.

Majibu yenu tutayapokea kabla ya mkutano wa ukoo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Bibi kijijini alilijua hilo kabla yetu, na mtoto wa kaka yangu aliliona kabla yangu.

Ndimi ndugu yenu, Philadelphia.